Kabla ya nusukaputi: tuitambue mapema njia ya hewa yenye ugumu

Na Mratibu wa Miradi ya Afya, Ofisi ya Dayosisi



Katika ziara zetu za sharika tumezoea kuulizwa maswali kuhusu upasuaji. Wengi huuliza kama damu itatosha, kidonda kitapona baada ya muda gani, na gharama zitakuwa shilingi ngapi. Ni mara chache sana mtu kuuliza, "Je, ndugu yangu atapumuaje akiwa amelala?" Hata hivyo, kwa mtaalamu wa usingizi hilo ndilo swali la kwanza. Mgonjwa anaweza kuvumilia upasuaji unaochukua saa tatu, lakini hawezi kuvumilia dakika tano bila hewa.

Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze jambo hili kwa lugha nyepesi, kwa sababu linawahusu watumishi wa hospitali zetu, wajumbe wa bodi wanaopitisha bajeti, na pia familia zinazomsindikiza mgonjwa. Kila kundi lina sehemu yake ya kufanya.

Tukio lililotufundisha

Miaka michache iliyopita baba mmoja wa makamo alilazwa katika moja ya hospitali tunazozihudumia ili afanyiwe upasuaji wa ngiri. Alikuwa ameshauriwa kuchomwa sindano ya ganzi ya mgongo, lakini aliikataa kwa kuwa alisikia mtaani kuwa inaleta ulemavu. Jioni yake muuguzi wa usingizi alimpitia wodini.

"Baba, umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Ndiyo, wa kidole tumbo, zamani kidogo."

"Kulitokea tatizo lolote?"

"Hapana, mwanangu. Nilipona vizuri tu."

Muuguzi akaandika katika faili: hakuna tatizo. Asubuhi baba huyo akapewa dawa, akalala. Alikuwa na ndevu nyingi, na chini ya ndevu hizo kulikuwa na taya fupi ambayo hakuna aliyeitazama kwa makini. Muuguzi alipojaribu kuweka mpira wa kupumulia hakuona mlango wa bomba la hewa. Alijaribu mara ya pili na ya tatu. Alipojaribu kumpa hewa kwa barakoa ya uso, hewa ilivuja kwenye ndevu. Kipima oksijeni cha kidole kilishuka kutoka 97 hadi 85, kisha hadi 60. Aliyemwokoa ni daktari aliyekumbuka kuwa kabatini kuna barakoa ya koo moja iliyoachwa na wageni. Ilikaa vizuri, hewa ikaingia, wakamwamsha mgonjwa bila kumpasua. Wiki iliyofuata alifanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Alipoelezwa yaliyotokea, mke wake alisema hivi: "Hata safari ile ya kidole tumbo aliamka jino limevunjika na midomo imevimba. Walituambia walipata shida kidogo kumwekea mpira. Sisi hatukujua kama ni jambo la kusema."

Habari iliyotakiwa ilikuwepo nyumbani kwake muda wote, ila haikuandikwa popote, na yule aliyeuliza hakuuliza kwa namna ya kuipata.

Nasi katika ofisi ya miradi tuna sehemu yetu. Mwaka mmoja kabla ya tukio hilo, hospitali hiyo ilituletea ombi la vifaa likiwa na mstari mmoja wa barakoa za koo na buji. Tulikuwa tunatafuta pesa za mtambo wa kuzalisha oksijeni, na mstari ule tukaufuta kwa kuwa tuliona ni vitu vidogo vinavyoweza kusubiri. Tulikosea. Oksijeni ilikuwepo chumbani siku ile. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwenye mapafu.

Njia ya hewa ni nini, na kwa nini inaleta shida?

Njia ya hewa huanzia puani na mdomoni, hupita kooni nyuma ya ulimi, kisha kwenye zoloto ambako sauti hutoka, na kuingia katika bomba la hewa hadi mapafuni. Nyuma yake kuna umio, njia ya chakula. Milango ya njia hizi mbili imekaribiana sana.

Mtu akiwa macho, misuli ya ulimi na koo huiweka njia hii wazi. Akipewa dawa ya usingizi mzito, misuli hulegea, ulimi huanguka nyuma na njia huziba. Dawa nyingine humfanya aache kabisa kupumua mwenyewe. Kuanzia hapo mtaalamu wa usingizi ndiye anayepumua kwa niaba yake. Hufanya hivyo kwa barakoa ya uso na mfuko wa kupulizia, kwa barakoa ya koo inayokaa juu ya zoloto, au kwa mpira unaoingizwa ndani ya bomba la hewa kwa msaada wa kifaa chenye taa kiitwacho laringoskopu.

Tunasema njia ya hewa ina ugumu pale ambapo mtaalamu aliyefundishwa anapata shida katika mojawapo ya hatua hizo. Hali mbaya kuliko zote ni pale ambapo mpira haukai na hewa nayo haiingii kwa njia nyingine. Mtu mwenye afya aliyekuwa akivuta hewa ya kawaida huanza kupungukiwa oksijeni kwa hatari ndani ya dakika 1 hadi 2 baada ya kuacha kupumua. Mtoto mdogo, mtu mnene sana na mama mjamzito hufika huko upesi zaidi. Ubongo usipopata oksijeni kabisa kwa dakika 4 au 5 huanza kuumia, na moyo hufuata.

Dalili za kuangalia

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wenye ugumu huu wana dalili zinazoonekana au historia inayoweza kusemwa. Katika mazingira yetu, haya ndiyo ya kuangalia kwanza:

- Aliyewahi kupata shida wakati wa usingizi. Hii ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote. Jino kuvunjika, midomo kuchanika, koo kuuma kwa siku nyingi, kuamka katika chumba cha wagonjwa mahututi bila kutarajia, au upasuaji kuahirishwa baada ya kulazwa usingizi, yote yanahitaji kuelezwa.

- Uvimbe wa shingo. Rovu bado lipo katika maeneo yetu ya milimani. Likiwa kubwa linaweza kulisukuma au kulibana bomba la hewa. Mgonjwa anayelala kwa kuketi, anayekoroma akiwa macho, au ambaye sauti yake imebadilika, asipangiwe upasuaji wa usingizi katika hospitali ndogo kabla ya kushauriana na hospitali ya rufaa.

- Makovu ya moto. Mtoto aliyeungua shingoni au kifuani, kovu likavuta kidevu kuelekea kifuani, hawezi kuinua kichwa. Ni ugumu unaoonekana tangu mlangoni.

- Uvimbe wa taya na mdomo. Jipu la jino lililosambaa chini ya ulimi ni dharura ya njia ya hewa hata kabla ya upasuaji. Kwa watoto kuna saratani ya taya ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda, na ambayo hadi leo inajulikana kwa jina lake.

- Mdomo usiofunguka, kwa sababu ya maambukizi, kovu, au kiungo cha taya kilichokaza.

- Taya fupi, meno ya mbele yaliyotokeza, shingo fupi na nene, ndevu nyingi, au mdomo usio na meno. Ndevu na ukosefu wa meno huifanya barakoa ya uso ivuje.

- Unene wa kupindukia na kukoroma kwa nguvu, hasa kama mwenzi wa mgonjwa anasema pumzi hukatika usiku.

- Ajali. Majeruhi wa pikipiki anaweza kuwa na damu mdomoni, mifupa ya uso iliyovunjika na shingo isiyotakiwa kugeuzwa.

Vipimo vya kitandani

Vipimo hivi havihitaji umeme wala maabara, na huchukua dakika chache tu. Mtaalamu anahitaji vidole vyake, mwanga, na mgonjwa aliyeketi.

Cha kwanza ni kufungua mdomo. Mtu mzima kwa kawaida huweza kuingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Nafasi iliyo chini ya sentimita 3 ni onyo.

Cha pili ni kutazama koo. Mgonjwa hukaa wima, hufungua mdomo wote na kutoa ulimi nje bila kusema "aaa". Mtaalamu huangalia anachokiona nyuma. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1985 na Seshagiri Mallampati na wenzake, na mwaka 1987 kikapanuliwa na Samsoon na Young kuwa na madaraja manne. Katika daraja la 1 kilimi, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, huonekana chote pamoja na nguzo za pembeni. Katika daraja la 2 nguzo hazionekani vizuri na kilimi huonekana sehemu. Katika daraja la 3 huonekana kaakaa laini na shina la kilimi tu. Katika daraja la 4 huonekana kaakaa gumu peke yake. Daraja la 3 na la 4 ni onyo.

Cha tatu ni urefu wa kidevu. Mgonjwa akiinua kichwa chote, hupimwa umbali kutoka ncha ya kidevu hadi mfupa laini wa zoloto unaojitokeza shingoni. Ukiwa chini ya sentimita 6 hivi, nafasi ya kuusogeza ulimi ni ndogo na mlango wa hewa huenda usionekane.

Cha nne ni shingo. Je, anaweza kutazama dari na kuinama kugusa kifua kwa kidevu?

Cha tano ni taya. Mwambie mgonjwa aume mdomo wa juu kwa meno ya chini. Akishindwa kabisa kuugusa, taya lake halisogei mbele vya kutosha.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Mtu mwenye daraja la 3 tu anaweza kuwekewa mpira bila shida yoyote. Lakini dalili mbili au tatu zikikutana kwa mtu mmoja, mtaalamu asimame na kupanga upya. Tunasisitiza pia kwamba majibu yaandikwe katika faili, kwa kuwa atakayempokea mgonjwa asubuhi huenda si yule aliyempima jioni.

Vipimo visituamini kupita kiasi

Hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya. Kupima ni lazima, lakini kupima hakuondoi hatari yote. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia wagonjwa 188,064. Kati yao, waliopata ugumu wa kuwekewa mpira walikuwa 3,391, na kati ya hao 3,154, yaani asilimia 93, hawakuwa wametarajiwa kuwa wagumu. Hayo yalitokea katika nchi yenye vifaa na wataalamu wengi.

Maana yake si kwamba vipimo ni bure. Maana yake ni kwamba kila mgonjwa, hata anayeonekana mwepesi, alazwe usingizi akiwa na mpango wa pili tayari. Anayejiandaa kwa wale tu aliowatambua atakutwa hana kitu mkononi kwa wale asiowatambua.

Uingereza ilifanya ukaguzi wa taifa uliokusanya matukio makubwa ya njia ya hewa ya mwaka mzima, kuanzia Septemba 2008 hadi Agosti 2009, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011. Katika makadirio ya watu milioni 2.9 waliopewa usingizi mzito, kulikuwa na matukio makubwa 133, na watu 16 walifariki. Taarifa hiyo ilionyesha kuwa mara nyingi chanzo kilikuwa upimaji hafifu na mipango hafifu. Walikuwepo wagonjwa ambao ugumu wao ulijulikana, lakini mpango haukubadilishwa.

Maandalizi: mpango wa A, B, C na D

Chama cha wataalamu wa njia ya hewa cha Uingereza kilitoa mwaka 2015 mwongozo wenye hatua nne, ambao unaweza kufundishwa hata katika hospitali ya wilaya.

Mpango A ni kuweka mpira kwa laringoskopu. Majaribio yasizidi matatu, na la nne lifanywe tu na mtu mwenye uzoefu zaidi. Kila jaribio huvimbisha koo na kutoa damu, hivyo jaribio la tano huwa gumu kuliko la kwanza.

Mpango B ni barakoa ya koo. Ikikaa vizuri, timu hutulia na kufikiri. Mara nyingi uamuzi bora ni kumwamsha mgonjwa.

Mpango C ni kurudi kwenye barakoa ya uso, kwa mikono ya watu wawili ikibidi: mmoja ashike barakoa na taya, mwingine abane mfuko.

Mpango D ni kufungua tundu mbele ya shingo, kwenye utando ulio chini kidogo ya zoloto, kwa kisu namba 10, buji, na mpira mdogo wa namba 6. Hatua hii inaogopesha, na ndiyo maana hucheleweshwa. Wanaofanya kazi hii wanapaswa kuifanyia mazoezi kwenye koo la mbuzi au la kondoo kutoka machinjioni kabla ya siku ya kuihitaji.

Kabla ya hatua hizo kuna mambo mawili ambayo gharama yake ni ndogo sana. La kwanza ni mkao. Mgonjwa mnene alazwe juu ya mablanketi yaliyokunjwa chini ya mabega na kichwa, hadi tundu la sikio liwe usawa mmoja na shimo lililo juu ya mfupa wa kifua. La pili ni oksijeni. Mgonjwa avute oksijeni safi kwa barakoa iliyobana vizuri kwa dakika 3 kabla ya kulazwa. Mtu mzima mwenye afya akifanyiwa hivyo, zile dakika 1 au 2 za usalama zinaweza kufika 8 hivi. Mtu mnene sana hafiki huko, lakini naye hupata nafasi zaidi.

Vilevile mtaalamu ajiulize mapema kama usingizi mzito unahitajika kweli. Kwa upasuaji mwingi wa chini ya kitovu ganzi ya mgongo inatosha. Ketamini, inayotumika sana katika hospitali zetu, kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe. Hata hivyo, ganzi inaweza kushindwa au kupanda juu mno, na ketamini haimlindi mgonjwa asivute matapishi. Hivyo vifaa vya njia ya hewa viwe mezani hata pale ambapo hatutarajii kuvitumia.

Kusema kabla ya kuanza

Mwaka 2005 huko Uingereza mama mmoja aitwaye Elaine Bromiley alilazwa usingizi kwa upasuaji mdogo wa pua uliopangwa. Njia yake ya hewa iligoma. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu kuweka mpira kwa zaidi ya dakika 20. Wauguzi waliona hatari. Mmoja alileta vifaa vya kufungua shingo, lakini havikutumika. Mama huyo hakupata fahamu tena, akafariki siku 13 baadaye. Mume wake, Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Katika kazi yake rubani msaidizi hufundishwa kusema, na rubani mkuu hufundishwa kusikiliza. Baada ya msiba aliendesha juhudi za kuyaingiza mafunzo hayo hospitalini, na kisa cha mke wake sasa hutumika kufundishia katika nchi nyingi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tumelelewa kumheshimu mkubwa na kunyamaza mbele yake. Heshima hiyo ni njema, lakini haipaswi kumnyamazisha muuguzi anayeona oksijeni inashuka. Tunapendekeza kiongozi wa timu aseme mwenyewe kabla ya dawa: "Nikishindwa mara tatu, dada, naomba uniambie kwa sauti, unipe barakoa ya koo." Hapo muuguzi anaposema, anatimiza alichoagizwa.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, ina swali hili kabla ya usingizi: je, mgonjwa ana njia ya hewa yenye ugumu au hatari ya kuvuta matapishi? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa Tanzania, Ifakara. Katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kinachohitajika ni karatasi moja na watu walio tayari kuisoma kwa sauti kila siku, hata siku yenye foleni.

Mama mjamzito

Mjamzito anahitaji maelezo yake. Koo lake huvimba, hasa kama ana kifafa cha mimba; mwili wake hutumia oksijeni nyingi zaidi; mapafu yake yana akiba ndogo kwa kuwa mtoto anayasukuma; na uchungu ukianza tumbo lake huchelewa kumwaga chakula. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuweka mpira hushindikana kwa mama 1 kati ya 390 hivi wanaolazwa usingizi mzito kwa ajili ya kujifungua. Hii ni sababu kubwa ya wataalamu kupendelea ganzi ya mgongo. Tunawaomba akina mama na waume zao wasiikatae kwa maneno ya mtaani. Muulizeni mtaalamu, awaeleze.

Familia ifanye nini?

- Semeni kila upasuaji uliopita, hata wa utotoni, na jinsi mgonjwa alivyoamka. Kama hamkumbuki, mpigieni simu anayekumbuka.

- Semeni kama anakoroma na kukatika pumzi usiku. Yeye mwenyewe hawezi kujua.

- Onyesheni meno ya bandia na meno yanayolegea. Wapo wanaoona aibu kuyatoa mbele ya watu, ombeni pazia.

- Msimpe chakula kwa siri. Kwa upasuaji uliopangwa, mtu mzima kwa kawaida hukaa saa 6 au zaidi bila chakula, na huruhusiwa maji hadi saa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa isihesabiwe kama maji. Mtoto anayenyonya husimamishwa saa 4 kabla. Fuateni saa mlizopewa na hospitali, na kama amekula, semeni. Hakuna atakayewafukuza.

- Akitakiwa kunyoa ndevu, mwelezeni sababu. Ndevu zitaota tena.

Barua ya njia ya hewa

Baada ya tukio la yule baba, hospitali hiyo ilianza utaratibu mdogo ambao tunaupendekeza kwa wote. Kila mgonjwa aliyepata ugumu hupewa barua kabla ya kuruhusiwa. Barua huandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya kitaalamu, ikiwa na tarehe, jina la hospitali, nini kilikuwa kigumu, nini kilishindikana, nini kilifanya kazi, na ushauri kwa safari ijayo. Nakala hubaki katika faili. Mgonjwa na ndugu mmoja huelezwa kwa mdomo, kisha huombwa warudie kwa maneno yao. Barua hutunzwa pamoja na kadi ya bima au cheti cha kliniki, si chini ya godoro.

Gharama yake ni karatasi na dakika kumi. Kama hospitali ya kwanza ingempa baba yule barua ya namna hiyo, muuguzi wa jioni ile asingehitaji kubahatisha.

Kwa wajumbe wa bodi na sharika zinazochangia

Tunafahamu kuwa bajeti ni finyu, na kila idara ina mahitaji. Hata hivyo tunaomba vitu hivi visikatwe: laringoskopu mbili zenye betri na taa nzima, mipira ya saizi zote, buji, barakoa za koo za watu wazima na za watoto, vipira vya mdomoni vya kuzuia ulimi, mfuko wa kupulizia, mashine ya kunyonya mate, kipima oksijeni cha kidole, na kifurushi cha kisu kwa mpango D. Pale inapowezekana, kiongezwe kipimo cha hewa chafu inayotoka mapafuni, maana ndicho kinachothibitisha kwa uhakika zaidi kuwa mpira haukuingia kwenye umio. Vyote viwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtumishi, na vikaguliwe kila asubuhi. Mtambo wa kuzalisha oksijeni husimama umeme ukikatika. Kwa hiyo mtungi mmoja uliojaa ubaki chumbani daima.

Pia tuwape wataalamu wetu ruhusa ya kusema "huyu hatumwezi hapa." Kumpeleka mgonjwa KCMC, Bugando au Muhimbili kabla ya kumlaza usingizi si kushindwa kazi. Bodi isihesabu rufaa hizo kama mapato yaliyopotea.

Katika robo hii ya mwaka tumerudisha mstari ule tuliokuwa tumeufuta, na maombi ya vifaa vya usingizi sasa yanasomwa na muuguzi wa usingizi mwenyewe kabla ofisi yetu haijagusa kalamu. Hospitali ambazo bado hazijaanzisha barua ya njia ya hewa zinakaribishwa kuchukua mfano wake katika ofisi yetu. Na wewe msomaji, kama kuna mtu nyumbani kwako aliyewahi kuamka kutoka usingizi wa upasuaji na jino limevunjika, muulize leo ilikuwaje, mwandike mahali.